Ed Roberts: Mlemavu Aliyekataa Kuitwa Asiyejiweza

Kuna neno moja ambalo tumelizoea mno hata hatulifikirii tena. Neno lenyewe ni "wasiojiweza." Tunalisikia redioni, kwenye harambee, kanisani na msikitini, na hata kwenye insha utalikuta limekaa kama neno la heshima. Mtu hawezi kutembea, basi anaitwa asiyejiweza, kana kwamba miguu ndiyo mtu mwenyewe. Katika kurasa hizi nitawasimulia maisha ya marehemu Edward Roberts, almaarufu Ed Roberts, Mmarekani aliyefariki mwaka wa 1995, kabla hata mmoja wetu darasani hajazaliwa. Bwana huyu hakuweza kuinua mkono ajikune pua. Hata hivyo aliongoza ofisi kubwa ya serikali, akaoa, akapata mtoto, na akasaidia kuanzisha chama ambacho mfano wake umeigwa katika nchi nyingi duniani.

Ed alizaliwa tarehe 23 Januari 1939 katika mji wa San Mateo, jimbo la California. Alikuwa kifungua mimba katika familia ya wavulana wanne. Baba yake, Bw. Verne, alikuwa mfanyakazi wa reli, na mama yake aliitwa Zona. Utotoni Ed alikuwa kijana wa kawaida tu, mpenda michezo.

Mwaka wa 1953, akiwa na umri wa miaka 14, alishikwa na polio. Chanjo ya Daktari Jonas Salk ilianza kutumika mwaka wa 1955. Miaka miwili tu! Sisi huku kwetu matone ya polio huletwa hadi mlangoni, mtoto akadondoshewa mdomoni na kupakwa wino kidoleni, mambo yakaisha. Ed hakuwa na bahati hiyo. Alipooza kuanzia shingoni kwenda chini, akabaki na nguvu katika vidole viwili vya mkono wa kushoto na vidole vichache vya mguu. Hata mapafu yalishindwa kazi. Ikabidi alazwe ndani ya mashine iliyofanana na pipa kubwa la chuma, kichwa kikiwa nje, nayo mashine ikawa inavuta na kusukuma hewa ili kifua kipande na kushuka. Mashine hiyo ilikuwa na uzito wa kilo 360 hivi. Baadaye alijifunza kumeza hewa funda kwa funda kama chura, akaweza kukaa nje ya pipa kwa muda mchana, lakini usiku alirudi humo.

Daktari mmoja alimwambia mama yake kwamba afadhali mtoto huyo afe, kwa maana akipona ataishi kama mboga tu. Ed aliyasikia maneno hayo. Basi akakata tamaa, akagoma kula, akakonda akabaki mifupa mitupu. Wauguzi walikuwa wakimlazimisha kula. Siku muuguzi wa mwisho alipoondoka na Ed akabaki peke yake na uamuzi wake, alibadilisha nia, akaanza kula. Mwenyewe alikuja kusimulia mara nyingi kwamba hapo ndipo alipogundua kuwa bado kuna kitu anachoweza: kuamua. Msomaji, naomba ulishike jambo hilo, maana mengine yote yametoka hapo.

Aliporudi nyumbani alisoma kwa simu. Waya ulifungwa kutoka darasani hadi kitandani, akawa anamsikiliza mwalimu na kujibu maswali. Lakini mama Zona hakutaka mwanawe afichwe ndani (na hapa mtaani tunajua ni watoto wangapi wamefichwa nyuma ya pazia wageni wakija). Alimsukuma aende shuleni mwenyewe, hata kama ni saa chache kwa juma. Ed aliogopa macho ya watu kuliko ugonjwa. Siku ya kwanza wanafunzi wote walimkodolea macho, naye akaona kwamba kutazamwa hakuumi. Akaamua wamtazame kama wanavyomtazama nyota wa filamu.

Kisha likaja sakata la cheti. Alikuwa amefaulu masomo, lakini wakuu wa shule wakasema hawezi kuhitimu kwa kuwa hakufanya mazoezi ya viungo wala masomo ya udereva. Hebu fikiria! Mtu anayelala ndani ya mashine ya kupumulia anyimwe cheti kwa sababu hakujifunza kuendesha gari. Mama Zona hakukubali. Alilipeleka jambo hilo kwa halmashauri ya elimu, akapambana hadi cheti kikatoka. Ed alimaliza shule mwaka wa 1959 akiwa na miaka 20.

Alipotaka kuendelea hadi chuo kikuu, aliomba karo kwa idara ya jimbo la California iliyowasaidia walemavu kupata elimu na kazi. Idara ikamkatalia. Sababu? Eti ulemavu wake ulikuwa mkubwa mno, hangeweza kuajiriwa maishani. Magazeti yakaitangaza habari hiyo na idara ikabadilisha msimamo. Kikwazo kingine kilikuwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambako mkubwa mmoja alisema waliwahi kujaribu viwete na haikufaa. Mwaka wa 1962 walimpokea shingo upande. Hakuna bweni lililoweza kubeba lile pipa la chuma, kwa hiyo alipewa chumba katika hospitali ya chuo iliyoitwa Cowell.

Habari zikaenea. Mwaka uliofuata akaja mwanafunzi mwingine aliyepooza, John Hessler, kisha wengine, hadi wakawa kundi zima pale hospitalini. Usiku walikaa wakibishana siasa. Wakati huo Wamarekani weusi walikuwa wakidai haki zao, nao vijana hawa wakajiuliza: mbona sisi tunaonekana wagonjwa wa kuhurumiwa, si raia walionyimwa haki?

Jambo lililowafungua macho zaidi lilikuwa la wasaidizi. Serikali ilitoa pesa za kumlipa mtu wa kumwogesha, kumvisha na kumlisha mlemavu. Wao wakashikilia kwamba mwenye kuchagua msaidizi ni mlemavu mwenyewe. Amhoji, amwajiri, amfundishe kazi, na akileta ujeuri amfute. Kwa nini hili ni kubwa? Tuseme mtu akijivisha nguo mwenyewe inamchukua saa mbili, anafika kazini kachoka. Akisaidiwa inachukua robo saa, anatoka mapema na nguvu zake zote. Ni yupi anayejitegemea? Wengi wetu tungemtaja wa kwanza. Ed alimtaja wa pili. Kwake, kujitegemea kulikuwa ni kuamua utaamka saa ngapi, utakula nini, utakwenda wapi na nani atakusaidia. Hata gavana havalii suti aliyojishonea, na hakuna anayemwita asiyejiweza.

Ed alipata shahada ya kwanza mwaka wa 1964 na ya pili mwaka wa 1966, zote katika sayansi ya siasa. Mwaka wa 1970 wenzake walifungua chuoni ofisi ya kuwahudumia wanafunzi walemavu. Simu hazikukoma kulia, na wengi waliopiga hawakuwa wanafunzi. Walikuwa watu wa mjini waliotaka msaidizi, au nyumba isiyo na ngazi, au fundi wa kiti cha magurudumu. Ndipo mwaka wa 1972 kikazaliwa Kituo cha Maisha ya Kujitegemea cha Berkeley, ambacho Ed alikuja kuwa mkurugenzi wake. Kituo kiliweka orodha ya wasaidizi, kikatafutia watu nyumba, kikatengeneza viti vilivyoharibika, na mlemavu mzoefu akamshauri aliyepooza jana. Hakikuwa na vitanda, kwa kuwa hakikutaka mtu alazwe humo. Na waliokiendesha walikuwa walemavu wenyewe. Baadaye sheria ya Marekani iliweka kwamba katika vituo vya namna hiyo walemavu wawe zaidi ya nusu ya wanaoamua.

Waliibana pia halmashauri ya jiji hadi ikakubali, mwaka wa 1971, kukata kingo za barabara na kuziinamisha ili viti vipite. Kumbe waliofaidika ni wengi: akina mama wenye vigari vya watoto, wapagazi, wazee. Ukisimama steji ya Kawangware 56 saa kumi na mbili jioni utaelewa ninachosema. Mitaro iko wazi, vibanda vimekula njia, pikipiki zinapita popote, na mvua ya Aprili ikinyesha ni matope tupu. Mwenye kiti cha magurudumu, akifaulu kulifikia gari, hubebwa na makanga kama gunia, na mara nyingi kiti chake kilichokunjwa kinatozwa nauli kama abiria. Mwenye mkokoteni naye anahangika palepale, na mama mwenye mtoto mgongoni vilevile. Njia ikinyoshwa kwa ajili ya mmoja, wote wanapita.

Hapa Kenya hatukukosa vyama. Chama cha vipofu, Kenya Society for the Blind, ni cha mwaka wa 1956. Chama cha walemavu wa viungo, APDK, kilianza 1958, na karakana yake ya viti vya magurudumu iko Waiyaki Way, si mbali na kwetu. Mwaka wa 1989 vyama vya walemavu wenyewe viliungana vikawa UDPK. Tulipata sheria mwaka wa 2003, katiba ya 2010 ikatoa haki katika kifungu cha 54, na mwaka wa 2025 ikaja sheria mpya. Kibera na Kawangware viko vikundi vya wazazi wanaochanga pesa kidogo kidogo kama chama cha kawaida. Mimi huviheshimu vikundi hivi kuliko wageni wanaokuja na unga, kupiga picha na kwenda. Lakini swali la Ed linatuhusu hata sisi: katika mikutano hiyo, yule mlemavu anaulizwa anachotaka, ama anawekwa mbele ya kamera tu?

Turudi kwa Ed. Mwaka wa 1975 Gavana Jerry Brown alimteua kuwa mkurugenzi wa idara gani? Ileile iliyomkatalia karo kwa kusema hangeweza kuajiriwa! Aliiongoza hadi 1983, akaeneza vituo vya kujitegemea jimboni. Aprili 1977 walemavu zaidi ya mia moja waliingia katika jengo la serikali kuu mjini San Francisco, wakakataa kutoka kwa karibu mwezi mmoja, wakidai kanuni za sheria ya kuzuia ubaguzi zitiwe sahihi. Wengine walikuwa hatarini kwa kukosa dawa na wasaidizi. Chama cha Wamarekani weusi, Black Panther, kiliwapelekea chakula cha moto. Ed, ingawa alikuwa mtu wa serikali, alikwenda kuwaunga mkono hadharani. Kanuni zikatiwa sahihi tarehe 28 Aprili.

Alikuwa ameoa mwaka wa 1976, na mwaka wa 1978 akapata mwana, Lee. Ndoa haikudumu. Mwaka wa 1983, pamoja na Judy Heumann na Joan Leon, alianzisha taasisi ya kimataifa kuhusu ulemavu, na mwaka uliofuata akapata tuzo kubwa ya wakfu wa MacArthur.

Ed Roberts alifariki tarehe 14 Machi 1995 kwa maradhi ya moyo. Alikuwa na miaka 56, nambari ambayo msomaji wa mtaa huu hawezi kuisahau. Kiti chake cha magurudumu kiko katika makumbusho ya taifa mjini Washington. Ni kiti cha umeme, kina nafasi ya mashine ya kupumulia kwa nyuma, na mbele kimefungwa taa ya kutembelea usiku.