Injini 500 za Mzee Honda

Ukipita gereji za uchochoroni Temeke au Tandale utakuta guta ambalo halikutoka kiwandani. Fremu imechomelewa kwa mabomba, ekseli ya nyuma ilikuwa ya bajaji iliyokufa, injini ni ya pikipiki iliyopata ajali. Soichiro Honda angemwelewa fundi wake haraka sana.

Alizaliwa 1906 kijijini karibu na Hamamatsu, Japani, mtoto wa mhunzi aliyetengeneza pia baiskeli. Darasani hakutamba. Akiwa kijana wa miaka 15 akaenda Tokyo kujifunza kazi kwenye gereji ya Art Shokai, na mwanzoni, badala ya spana, alikabidhiwa mtoto wa bosi amlee. Akavumilia. 1928 alirudi Hamamatsu kufungua tawi la gereji hiyohiyo.

Baadaye akataka kutengeneza ringi za pistoni, na hapo ujuzi wa mkono ukafika mwisho. Kati ya ringi 50 zilizopimwa Toyota, zilifaulu 3 tu. Tatizo lilikuwa ndani ya chuma chenyewe, kitu ambacho macho na nyundo havionyeshi. Basi mtu mzima, mwenye mke na kiwanda, akaenda kukaa darasani chuo cha ufundi. Alifuata masomo yanayohusu ringi zake, mitihani hakufanya, na sisi tunajua inavyoishia: alidisko. (Wanaotafuta kisingizio wasikimbilie hapa. Jamaa alikuwa ameshachukua alichofuata, na ringi zikakubali.)

Vita vikamrudisha chini. Kiwanda kimoja kilipigwa mabomu, kingine kikabomolewa na tetemeko la Januari 1945. Alichobaki nacho akawauzia Toyota, akakaa muda bila kazi.

1946 Japani ilikuwa na njaa, petroli ya shida, treni zimefurika. Honda akakutana na injini ndogo ya jenereta, iliyokuwa ikiendesha redio za jeshi. Akaifunga kwenye baiskeli. Tangi la kwanza lilikuwa chupa ya nyumbani ya kutilia maji moto ya kupashia kitanda. Mkewe, Sachi, ndiye aliyetumwa barabarani kuijaribu. Watu wakaitaka, naye akakusanya injini za namna hiyo zipatazo 500, akazifungua, akazirekebisha, akazifunga kwenye baiskeli.

Kisha zikaisha.

Hapo ndipo mafundi wetu wengi hukwama, na si kwa uvivu. Guta la leo lina injini hii, la kesho lina nyingine kabisa, kutegemea ajali imeleta nini, kwa hiyo fundi anaanza upya kila mara. Honda alipasua injini za aina moja mamia ya mara. Alijua udhaifu wake wote, na 1947 akatoa ya kwake mwenyewe, A-Type. Kwa maoni yangu, bahati yake kubwa ilikuwa hizo 500 kufanana.

Kampuni ilisajiliwa 1948. Mwaka uliofuata akaja Takeo Fujisawa kushika hesabu na mauzo, kazi ambazo Honda hakuzipenda. Super Cub ikatoka 1958, na hadi leo imepita milioni 100.

Alistaafu 1973. Akazunguka Japani, tawi kwa tawi, kuwashika mikono wafanyakazi, hata wale waliokuwa na grisi viganjani. Alifariki Agosti 1991.