Seyyid Barghash bin Said na Reale ya Jina Lake

Twataka kukutajia khabari za Seyyid Barghash bin Said, Sultani wa Unguja, na fedha aliyoipiga kwa jina lake. Khabari hizi twazianzia mlimani.

Zamani biashara ya milima ya Usambara, toka Mgwashi na miji jirani, ilikuwa ikishuka Pangani, na fedha iliyoaminiwa huko ni reale ya Sham. Reale hiyo ina sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria, na mwaka wa 1780, ndio mwaka aliokufa. Na Wazungu wakaendelea kuipiga kwa tarehe ile ile. Bassi Waislamu wa pwani nzima wakauziana na kuoana kwa sura ya mwanamke Mnasara aliyekwisha kuzikwa, na hapana aliyeona ajabu.

Barghash alikuwa mmoja wa wana wa Seyyid Said bin Sultan, naye alikuwamo chomboni baba yake alipofariki baharini mwaka 1856. Mwaka 1859 alimwasi nduguye Seyyid Majid, akashindwa, akahamishwa Bombay. Huko aliona mji wenye maji ya mifereji na taa na mitambo, na aliyoyaona hakuyasahau. Akarithi ufalme Oktoba 1870. Mwaka 1872 tufani ikang'oa mikarafuu ya Unguja, na mwaka 1873 Waingereza wakamshurutisha kufunga soko la watumwa, akatia mkono hali manowari zao zikitajwa. Mwaka 1875 akasafiri Uingereza. Kisha akaleta maji mjini kutoka Chemchem, akajenga Beit al-Ajaib, akaweka mtambo wa kupiga chapa vitabu vya dini. Na sisi tunaohangaika na mtambo wa mkono twajua ile ni kazi ya subira.

Wala hatusemi kuwa hakuwa na kosa. Mwanachuoni akimpinga humfunga, na Sheikh Ali bin Abdalla Mazrui wa Mombasa alibaki kifungoni hatta Barghash akafa, akafunguliwa na Seyyid Khalifa.

Katika mwaka 1299 wa Hijra, yaani 1882, alipiga reale yake mjini Brussels. Haina sura ya mtu. Ina jina lake kwa khati ya Kiarabu, na dua ya kuhifadhiwa na Mwenyezi Mungu. Akapiga ya fedha, na ya dhahabu ya reale tano, na pesa za shaba zenye picha ya mizani. Maana yake ilikuwa wazi kwa wenye akili: mwenye kupiga fedha kwa jina lake ndiye mwenye nchi. Lakini watu wa soko hawakuiacha reale ya Sham waliyoizoea, kisha rupia ya Hindi ikashika mahali pake. Ile ya fedha leo ni adimu, na ya dhahabu ni chache mno, hutafutwa na wakusanyaji kwa mali nyingi. Pesa ya shaba tu ndiyo iliyoingia mikononi mwa maskini.

Baada ya hapo mambo yakaharibika upesi. Mwaka 1885 Wadachi wakaja na mikataba waliyoiandikisha bara. Barghash akampeleka Mathews mpaka Kilimanjaro kuwashika machifu, haikufaa. Mwezi wa Agosti manowari za Wadachi zikasimama mbele ya jumba lake, akakubali. Hatta Novemba 1886 Wadachi na Waingereza wakapatana wao kwa wao: huko bara Sultani aachiwe ukanda wa pwani, maili kumi kutoka baharini, na miji michache ya kaskazini. Pangani ikasalia ndani, na Mgwashi na Usambara yote ya juu ikatolewa nje, wala Barghash hakuitwa kwenye baraza lile. Mwezi wa Desemba akaridhia.

Alifariki Machi 1888, amerejea punde tu kutoka Maskati, akazikwa Unguja. Mapatano yale yalifanywa katika mwaka 1304 wa Hijra, na ziko pesa za shaba zilizopigwa kwa mwaka huo huo. Upande mmoja zina jina la Sultani, na upande wa pili mizani.