Thomas Mann na Nyumba ya Nida

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Leo nataka kukusimulia habari za mgeni mmoja aliyekuja kijiji cha watu misimu mitatu. Wenyeji hawakumpa jembe. Waliomkatiza safari zake ni watu wa kwao mwenyewe.

Kwanza niseme nilivyomjua. Babangu ni mlinzi wa nyumba moja ya mzungu huku kwetu Malindi. Wenyewe mnazijua nyumba hizo: paa la makuti, ukuta mweupe, bustani ya maua, na milango iliyofungwa karibu mwaka mzima. Mwenyewe huja wakati wa kaskazi, kwao kukiwa na baridi kali. Mara ya mwisho alipokuja alimwambia baba atupe sanduku la vitabu vya zamani. Baba hakutupa, aliniletea mimi. Humo ndani mlikuwa na kitabu kinene cha Kiingereza kiitwacho Buddenbrooks. Nilikisoma miezi mitatu na kamusi ubavuni. Nilipomaliza nikataka kumjua mtungaji, na kumbe naye alikuwa na nyumba ya likizo katika nchi ya watu!

Thomas Mann alizaliwa tarehe 6 Juni 1875 katika mji wa bandari wa Lübeck, Ujerumani. Babake alikuwa mfanyabiashara wa nafaka, tena mtu mkubwa mjini. Mamake alizaliwa Brazil. Baba alipofariki mwaka 1891 biashara ilifungwa na baadaye jamaa wakahamia Munich. Kijana Thomas hakupenda kuuza nafaka, alipenda kuandika. Mwaka 1901, akiwa bado kijana, alitoa riwaya hiyo ya Buddenbrooks, inayosimulia jinsi familia ya matajiri inavyoporomoka kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1905 alimwoa Katia Pringsheim, binti wa profesa wa hesabu, ambaye familia yake ilikuwa na asili ya Kiyahudi. Walijaliwa watoto sita. Mwaka 1929 akapewa Tuzo ya Nobel ya fasihi.

Mwaka huohuo wa 1929, wakati wa majira ya joto, yeye na jamaa yake walikwenda kupumzika pwani ya Bahari ya Baltiki. Wakiwa huko wakapita kutembelea kijiji cha wavuvi kiitwacho Nida. Wajerumani walikiita Nidden. Hebu fikiria ulimi mwembamba wa mchanga wenye urefu wa kilomita 98 hivi. Upande mmoja bahari, upande wa pili ziwa pana, na katikati vilima vya mchanga virefu kama vile vya Mambrui, ila vya huko ni vikubwa zaidi. Zamani mchanga huo ulikuwa ukisukumwa na upepo na kufukia vijiji vizima, mpaka watu wakapanda misonobari kuuzuia. Msituni mlikuwa na paa wakubwa ajabu wenye pembe pana kama koleo. Wavuvi walikuwa na mashua za chini bapa, na juu ya mlingoti kila mashua ilikuwa na kibendera cha mbao kilichochongwa na kupakwa rangi.

Mahali hapo palikuwa pa Ujerumani hadi Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha. Mwaka 1923 Lithuania iliuchukua mkoa huo. Kwa hivyo Mann alipoamua kujenga Nida alikuwa anajenga ugenini, ingawa wenyeji wengi walielewa lugha yake. Alikodi kiwanja juu ya kilima kwa muda wa miaka 99. Hapa nilicheka kidogo, manake hata sisi katiba yetu ya mwaka 2010 inasema mgeni hawezi kumiliki ardhi zaidi ya miaka 99. Fedha za ujenzi zilitoka katika ile tuzo, na mchoro ulifanywa na msanifu wa mji jirani wa Memel, ambao leo ni Klaipėda.

Nyumba hiyo haikuwa jumba la kifahari. Ilijengwa kwa namna ya nyumba za wavuvi wa palepale: mbao za rangi ya kahawia, madirisha yenye rangi ya buluu, paa la matete, na juu ya paa vichwa viwili vya farasi vilivyochongwa na kupishanishwa. Ukisimama pale juu unaliona ziwa lote chini yako kati ya misonobari. Mandhari hiyo waliiita ya Kiitaliano. Nilipoambiwa hivyo nikaikumbuka Malindi yetu, ambako Waitaliano wenyewe ndio wamejenga.

Julai 1930 jamaa wa Mann walihamia. Watu walijaa gatini kumtazama mshindi wa Nobel. Asubuhi aliandika katika chumba cha juu, na hapakuwa na ruhusa ya kumsumbua. Mchana alikwenda pwani na watoto. Kazi aliyokuwa nayo wakati huo ni riwaya ndefu ya vitabu vinne kuhusu Yusuf na ndugu zake. Ndiyo, Yusuf huyuhuyu tunayemsoma katika Kurani na Biblia, aliyeuzwa na ndugu zake akaishia nchi ya mbali.

Basi, huku Mann akiandika habari za Yusuf, ndugu zake mwenyewe walikuwa wanalichimba lake shimo. Chama cha Hitler kilikuwa kinapata nguvu Ujerumani. Wengi waliofahamu hatari walinyamaza. Mann hakunyamaza. Oktoba 1930 alisimama mbele ya watu mjini Berlin akawaonya waziwazi, na wafuasi wa Hitler wakamzomea ukumbini. Majira ya joto ya mwaka 1932, akiwa Nida, alipokea kifurushi kwa posta. Alipokifungua alikuta nakala ya Buddenbrooks iliyochomwa moto. Aliyekituma hakuandika jina lake. Kitabu kile kile nilichokisoma mimi chini ya taa, mtu mwingine alikitia kiberiti ili kumtisha aliyekiandika! Nilipofika hapo nilikifunga changu nikakitazama jalada lake kwa muda mrefu.

Hayo ndiyo yalikuwa majira ya mwisho. Februari 1933, Hitler akiwa ameshashika serikali, Mann alitoka Munich kwenda nchi za nje kutoa mihadhara. Watoto wake wakubwa, Erika na Klaus, wakamwonya asirudi. Hakurudi. Nyumba ya Munich ikapotea, na ya Nida hakuiona tena mpaka kufa. Mwaka 1936 alinyang'anywa uraia wa Ujerumani. Mwaka 1938 alihamia Marekani, na wakati wa Vita vya Pili alikuwa akizungumza na Wajerumani kwa redio ya BBC, akiwaambia ukweli kuhusu serikali yao. Mwaka 1952 alirudi Ulaya akakaa Uswisi, na tarehe 12 Agosti 1955 akafariki dunia mjini Zürich. Alikuwa amekodi miaka 99, akaitumia misimu mitatu!

Na nyumba je? Mwaka 1939 Ujerumani iliuteka mkoa ule, na nyumba ikachukuliwa na Göring, mkuu wa jeshi la anga la Hitler. Vita vilipokaribia kwisha, karibu wenyeji wote wa ulimi ule wa mchanga walikimbia au wakahamishwa. Wale wavuvi wenye vibendera vya mbao wakatawanyika, na majina yao huyakuti vitabuni kama unavyolikuta la Mann. Hilo lilinihuzunisha kuliko habari ya nyumba. Nyumba yenyewe ilibaki gofu. Lakini waandishi wa Lithuania, ambao Mann hakuwa wa taifa lao, waliitetea isibomolewe. Mwaka 1967 ikafunguliwa ili watu wamkumbuke, na miaka ya 1990 ikatengenezwa ikawa makumbusho. Hata leo watu huenda kuitazama.

Sasa nirudi kwetu. Mwenye ile nyumba anayolinda baba ni mwaka wa pili huu hajatia mguu, na mshahara huja siku ukipenda. Mara mbili nimerudishwa nyumbani kwa karo. Mimi nilikuwa nimekasirika kweli. Nilimuuliza baba kwa nini kila asubuhi anafagia ua wa mtu asiyekuja. Alinijibu kwamba nyumba haijamkosea kitu, na kwamba paa la makuti likiachwa msimu mmoja tu huoza. Wakati ule niliona ni jibu la mnyonge. Baada ya kusoma habari za Nida sijui tena. Tajiri yetu hakufukuzwa na mtu, wala simfananishi na Mann. Mshahara wa baba ni haki yake, na nimemwandikia barua ya kuudai, kwa Kiingereza safi. Lakini nimeona kwamba nyumba ya mgeni husimama kwa mikono ya waliobaki, na jina linalobandikwa mlangoni si la hao.

Ndiyo maana, ndugu msomaji, sikutaka habari za Mann ziishie kwake tu. Yeye tumkumbuke kwa kusema wakati wengine walinyamaza. Na wenye ufagio tuwakumbuke pia. Natia nanga hapa. Alamsiki.