PAPA PIO XI NA UFALME WA KRISTU

Katika yubile hii ya parokia yetu tunamshangilia Kristu Mfalme. Sisi watu wa Kivu tunajua mwami ni nani. Lakini Kristu anatawala namna gani? Ili tupate jibu, tumeona inafaa kuwasimulia maisha ya Papa Pio XI, aliyeiwekea Eklezya siku kuu ya Kristu Mfalme.

Achille Ratti alizaliwa tarehe 31 Mei 1857 kule Desio, karibu na Milano, katika Italia. Baba yake alikuwa msimamizi wa kiwanda cha hariri. Alipata upadri Roma mwaka 1879, kisha kwa miaka mingi akawa mtunzaji wa vitabu, kwanza Milano, halafu Vatikano. Alikuwa mtu wa masomo, tena alipenda kupanda milima mirefu. Mwaka 1918 Papa Benedikto XV alimtuma Polandi. Mwaka 1920 majeshi ya Wabolsheviki yalipoukaribia mji wa Warszawa, wajumbe wengi wa nchi za nje waliondoka, yeye alibaki. Tarehe 6 Februari 1922, akiwa Kardinali na Askofu Mkuu wa Milano, alichaguliwa kuwa Papa.

Vita ya 1914-1918 ilikuwa imewaangusha wafalme wa Urusi, Ujerumani na Austria. Mahali pao waliinuka watawala waliotaka kummiliki mtu mzima, mwili na roho. Ndipo tarehe 11 Desemba 1925 Pio XI alipotoa barua Quas primas, akaamuru siku kuu ya Kristu Mfalme ifanyike kila mwaka.

Alifundisha kwamba Kristu ni Mfalme kwa haki mbili. Ya kwanza ni haki ya asili: katika Nafsi yake moja Umungu na ubinadamu vimeungana, kwa hiyo malaika na watu wote wako chini yake. Ya pili ni haki ya ukombozi: alitununua kwa damu yake. Wafalme wa dunia hudai damu ya watu wao. Huyu aliimwaga iliyo yake. Ana uwezo wa kuweka sheria na wa kuhukumu, lakini ufalme wake ni kwanza wa roho. Watu walipotaka kumtawaza kwa nguvu, aliwakimbia. Huingiwa kwa toba, imani na ubatizo, wala si kwa silaha.

Papa mwenyewe aliyaishi mafundisho hayo. Mapapa walitawala nchi nyingi za Italia mpaka mwaka 1870, waliponyang'anywa hata mji wa Roma. Tarehe 11 Februari 1929 mapatano na serikali ya Italia yalitiwa sahihi: Pio XI aliacha madai juu ya nchi zile, akabaki na Vatikano tu, hektari 44, ili Eklezya iwe huru.

Na kwa kuwa Kristu ni Mfalme wa mataifa yote, tarehe 28 Oktoba 1926 aliwaweka wakfu maaskofu sita Wachina, ingawa Wazungu wengi walisitasita. Kwetu Kongo, Stefano Kaoze alikuwa padri tangu mwaka 1917.

Mwaka 1933 alipatana na serikali ya Ujerumani, nayo ikayavunja mapatano. Basi mwaka 1937 barua yake ilisomwa makanisani kule, ikiwakemea wanaoabudu taifa na damu yao kama mungu. Mwezi uleule aliukemea pia ukomunisti unaomkana Mungu. Alifariki tarehe 10 Februari 1939, kabla ya vita mpya.

Tangu matengenezo ya kalenda ya mwaka 1969, siku kuu hii hufanyika Dominika ya mwisho ya mwaka wa liturujia. Basi, ndugu, anayemwimbia Mfalme huyu hapashwi kumwonea mjane, wala kuuza haki ya maskini, wala kumchukia mtu wa kabila lingine. Kiti chake ni msalaba. Tumwombe atawale kwanza katika nyumba zetu.