Florence Nightingale, muuguzi aliyewahesabu wafu



Siku moja mwalimu alituuliza sisi wa darasa la sita, kila mtu aseme kazi anayotaka kufanya kisha kupata diploma ya Serikali. Wengi walisema dokta, wengine injinia, wengine wakili. Mwenzetu mmoja, kijana mwanaume, alisimama akasema anataka kuwa muuguzi. Kilasi yote ikacheka. Sisi tunaoandika haya, tulio doyen wa wanafunzi, tulicheka pia na hatukuona haya. Nyuma yake tulisoma maisha ya Florence Nightingale, na kile kicheko kikatuishia mdomoni. Ndiyo maana tunawaletea habari zake.

Wengi wanamjua kwa ile picha ya mama mwenye taa mkononi. Ni kweli, lakini taa ni kipande kidogo tu cha kazi yake.

Alizaliwa tarehe 12 mwezi wa tano 1820 katika mji wa Florence, Italia, wakati wazazi wake Waingereza walikuwa safarini. Wakampa jina la ule mji. Walikuwa watu wa mali nyingi. Baba yake mwenyewe alimfundisha Kilatini, Kiyunani, Kifaransa, Kijerumani na historia. Yeye alipenda sana hesabu. Mwaka 1837, akiwa na miaka 16, alisikia moyoni kwamba Mungu anamwita kwa kazi fulani. Kazi gani? Hakujua bado. Ilipita miaka mingi mbele ya kufahamu kwamba ni kuuguza wagonjwa.

Mwaka 1845 aliomba ruhusa kwenda kujifunza katika hospitali. Nyumbani kukawa na fujo kubwa. Wakati ule Uingereza watu walidharau uuguzi, wakisema ni kazi ya walevi na ya wanawake wasio na pahali pengine pa kwenda. Binti wa tajiri kwenda kuosha vidonda vya maskini? Ilikuwa aibu ya jamaa yote. Wakamkatalia. Lakini hakuacha. Bwana mmoja wa heshima alitaka kumwoa, naye akakataa juu ya ule mwito. Mwaka 1851 akafika Kaiserswerth, Ujerumani, kwa mchungaji Theodor Fliedner, Mprotestanti, aliyefundisha mashemasi wa kike kutunza wagonjwa. Alikaa huko miezi mitatu hivi. Mwaka 1853 akapewa kusimamia hospitali ndogo ya wanawake katika London.

Wakati huo vita ya Krimea ilikuwa imewaka, Uingereza, Ufaransa na Uturuki kupigana na Urusi. Askari Waingereza waliougua walivushwa bahari mpaka Scutari, ng'ambo ya mji wa Constantinople. Habari za mateso yao zilipofika katika magazeti, waziri Sidney Herbert akamtuma Florence na wanawake 38. Wakafika mwezi wa kumi na moja 1854. Kwanza madokta wa jeshi hawakuwataka. Wakangoja, mpaka wagonjwa wakazidi na madokta wenyewe wakawaita.

Ile hospitali ilikuwa kambi kubwa ya askari, na chini yake mitaro ya uchafu ilikuwa imeziba. Hakukuwa na vitanda vya kutosha, wala sabuni, wala nguo safi. Florence alinunua vitu, akapanga jiko la chakula cha wagonjwa na pahali pa kufulia. Usiku alipita kati ya vitanda na taa yake. Askari walimpenda sawa mama yao.

Watu wengi wanafunga hadithi hapa. Lakini, wasomaji, sikieni jambo hili gumu: pamoja na kazi ile yote, watu waliendelea kufa. Mwezi wa pili 1855 walikufa karibu 42 kwa kila wagonjwa 100. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kolera, kwa tifusi, kwa kuhara. Mwezi wa tatu Serikali ikatuma watu wa usafi. Wakazibua mitaro, wakasafisha njia za maji, wakapaka kuta chokaa, wakaingiza hewa. Mwezi wa sita vifo vilikuwa vimeshuka mpaka 2 hivi kwa 100.

Vita ilipokwisha mwaka 1856 Florence alirudi kwao, na nchi yote ilitaka kumshangilia. Angeweza kukaa na kula sifa. Badala yake alikaa na vitabu vya hesabu, pamoja na William Farr, bwana aliyejua sana hesabu za vifo. Hesabu zikamwonyesha wazi kwamba wengi wa wale askari hawakupaswa kufa, na kwamba hospitali ya Scutari, ile aliyoitumikia yeye mwenyewe, ilikuwa pabaya kuliko zote. Hakuficha. Aliandika yote na kuyapeleka kwa wakubwa. Kwa kuwa wakubwa hawana wakati wa kusoma namba nyingi, mwaka 1858 alizichora kwa rangi, sawa ua lililofunguka, ili mtu aone kwa jicho moja vifo vya magonjwa vilivyopita vifo vya vidonda. Tena akaonyesha kwamba hata wakati wa amani, askari katika kambi za Uingereza walikufa karibu mara mbili kuliko raia wa umri wao. Mwaka ule ule akawa mwanamke wa kwanza kuingizwa katika chama cha wenye elimu ya takwimu cha London.

Mwanamke hakuruhusiwa kukaa katika tume ya Serikali. Na yeye alikuwa mgonjwa, miaka mingi akifanya kazi chumbani mwake. Lakini barua zake zilitoka kila siku, na mawaziri walimsikia. Mwaka 1860 alifungua shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas, London. Katika mji wa Liverpool alimshauri tajiri William Rathbone namna ya kufundisha wauguzi wa kwenda katika nyumba za maskini, kila mmoja na mtaa wake. Agnes Jones, mmoja wa waliofundishwa katika ile shule ya London, alikwenda kuuguza maskini wa Liverpool mwaka 1865. Akafa huko kwa tifusi mwaka 1868, na miaka 35 tu.

Florence alikosea pia. Kwa miaka mingi aliamini kwamba magonjwa yanaletwa na harufu mbaya, na alichelewa kukubali habari za vijidudu. Lakini mtaro safi unaokoa mtu hata kama aliyeusafisha hajui kijidudu ni nini.

Alikufa tarehe 13 mwezi wa nane 1910, na miaka 90. Jamaa yake walikataa azikwe pahali pa wakubwa wa nchi. Juu ya kaburi lake waliandika herufi mbili tu za jina lake, pamoja na tarehe. Siku yake ya kuzaliwa ndiyo siku ya wauguzi wa dunia yote.

Sasa tujiulize. Katika vijiji vyetu vingi dokta yuko mbali, safari ya siku moja au mbili. Aliye karibu ni muuguzi wa kituo cha afya. Yeye ndiye anaona kwamba watoto wote wanaohara wanatoka upande mmoja, wanakunywa maji ya kijito kimoja. Akitoa dawa na kunyamaza, juma lijalo mtoto yule yule atarudi, au hatarudi tena kamwe. Lakini akiandika katika daftari lake, akahesabu, akaenda kwa chifu, kwa mchungaji na kwa Serikali kusema pasipo woga, anaponya kijiji kizima. Kazi ya namna hii inaomba akili na moyo mkubwa. Si kazi ya kuchekwa.

Kwa ndugu yetu tuliyemcheka: utusamehe. Uende ukajifunze, na daftari lako usilisahau.

Doyen wa wanafunzi, darasa la sita