Hebra: Tabibu aliyejiambukiza upele ili ajue kiini chake

UPELE humwota asiye na kucha, walinena wahenga. Lakini katika karne ya 19 alikuwako tabibu aliyeutafuta upele kwa hiari yake, akajipandikiza mwilini na kuuacha umle, ili tu authibitishie ulimwengu unatoka wapi. Tabibu huyo ni Ferdinand von Hebra, ambaye wengi humhesabu miongoni mwa waasisi wa elimu ya kisasa ya magonjwa ya ngozi.

Hebra alizaliwa Septemba 7, 1816 katika mji wa Brno, ambao wakati huo ulikuwa chini ya milki ya Austria na leo umo katika Jamhuri ya Czech. Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Vienna mnamo 1841, kisha akaanza kazi katika Hospitali Kuu ya mji huo chini ya Josef Skoda, bingwa wa magonjwa ya kifua.

Wakati huo, wagonjwa wa ngozi hawakuwa na idara iliyojisimamia. Walirundikwa katika chumba kilichokuwa chini ya idara ya kifua, na madaktari wachache mno walitamani kuwashughulikia. Wengi wao walikuwa wakiugua upele. Skoda alimkabidhi kijana Hebra chumba hicho, na alichopewa kama mzigo akakigeuza kuwa shule.

Mafundisho ya enzi hizo yalishikilia kwamba ugonjwa wa ngozi ni dalili ya uchafu ulio ndani ya damu na majimaji ya mwili. Upele ulichukuliwa kuwa mlango ambao mwili hutolea sumu zake. Kwa hivyo, kuutibu kwa dawa ya kupaka kuliogopwa, kwani iliaminika kuwa sumu ingerudi ndani na kuzua maradhi mabaya zaidi. Wagonjwa walitolewa damu na kunyweshwa dawa za kuharisha, huku mwasho ukiendelea kuwanyima usingizi.

Si kwamba kidudu cha upele hakikuwa kimeonekana. Mtaliano Giovanni Cosimo Bonomo alikuwa amekieleza mnamo 1687, na mnamo 1834 mwanafunzi mmoja kutoka Corsica, Simon François Renucci, akaonyesha mjini Paris jinsi ya kukitoa kwenye ngozi kwa ncha ya sindano. Hata hivyo, madaktari wengi walishikilia kwamba kidudu hicho ni matokeo ya ugonjwa wala si chanzo chake.

Hebra hakutaka kubishana kwa maneno matupu. Aliviweka vidudu hivyo juu ya ngozi yake mwenyewe, akatazama vikichimba, vipele vikitokea na mwasho ukianza. Kisha akaonyesha kwamba kidudu kikiuawa kwa dawa ya kupaka, ugonjwa huisha na hakuna sumu yoyote inayorudi ndani. Matokeo hayo aliyachapisha mnamo 1844. Dawa aliyoitegemea ni marhamu yenye salfa, madini ambayo Waswahili huyaita kibiriti upele, jina linalotosha kueleza kazi yake.

Aliyoyathibitisha Hebra ndiyo msingi wa tiba ya upele hadi leo. Kidudu jike, ambaye urefu wake haufiki nusu milimita, huchimba handaki katika ngozi na kutaga mayai humo. Mwasho huzidi usiku. Kwa anayeambukizwa mara ya kwanza, dalili huweza kuchukua wiki nne hadi sita kujitokeza, na katika kipindi hicho chote anaweza kuwaambukiza wenzake. Ndiyo maana kumtibu mtoto mmoja anayejikuna huku ndugu anaolala nao wakiachwa ni kazi bure. Wote wa nyumba moja hupaswa kupakwa dawa siku moja, na nguo na matandiko yao kufuliwa kwa maji moto.

Hebra aliutazama ukurutu kwa jicho lilo hilo. Alipaka ngozi nzima mafuta makali ya mmea, na wekundu, malengelenge, majimaji na magamba vikafuatana. Kumbe yale yaliyokuwa yakipewa majina mengi yalikuwa hatua za ugonjwa mmoja. Kuanzia 1856 alichapisha atlasi kubwa ya magonjwa ya ngozi, iliyochorwa kwa rangi na Anton Elfinger na Carl Heitzmann.

Maisha yake hayakukosa doa la huzuni. Rafiki yake Ignaz Semmelweis alipogundua mnamo 1847 kwamba madaktari kunawa mikono kwa dawa kulipunguza mno vifo vya wanawake waliojifungua, Hebra ndiye aliyeutangaza uvumbuzi huo katika jarida la madaktari wa Vienna, akaulinganisha na chanjo ya ndui ya Edward Jenner. Lakini mnamo Julai 1865, akili za Semmelweis zilipovurugika, ni Hebra huyo huyo aliyesaidia kumpeleka kwa hila katika hifadhi ya wagonjwa wa akili mjini humo. Semmelweis alifariki huko baada ya wiki mbili tu, kutokana na jeraha lililooza.

Hebra alifanywa profesa kamili mnamo 1869. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwa Moriz Kaposi, aliyemwoa binti yake na kuendeleza kazi yake. Mnamo 1872 Kaposi alieleza aina ya saratani ambayo, zaidi ya karne moja baadaye, ilifahamika sana katika hospitali za Afrika Mashariki kutokana na Ukimwi. Saratani hiyo inatukumbusha kwamba si kila doa la ngozi huanzia nje, na kwamba ni uchunguzi wa daktari, wala si kubahatisha, unaotenganisha moja na jingine.

Hebra aliaga dunia mjini Vienna Agosti 5, 1880. Mnamo 2017 Shirika la Afya Duniani liliuweka upele katika orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyopuuzwa. Hata sasa wako wanaoamini kwamba mwenye upele ana damu chafu au ni mchafu wa tabia, wakamtenga na kumnywesha dawa za kusafisha damu. Dhana hiyo ilikwisha kukanushwa mnamo 1844, kwenye ngozi ya daktari mwenyewe.