Kivoi, bonge la tajiri wa Kitui aliyekufa safarini bila kuaga

Kabla ya hawa mabilionea unaowaona Nairobi, Kitui kulikuwa na Kivoi Mwendwa. Huyo buda alikuwa na doo! Misafara yake ilibeba pembe za ndovu hadi Mombasa, ikikatiza Kikumbulyu, huko Kibwezi, Makueni ya leo. Alikuwa na wake kadhaa na watumwa pia, kwa hivyo usimfanye malaika. Desemba 1849, mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf akiwa mgeni wake, aliuona Mlima Kenya kutoka Kitui. Wasomi wa Ulaya wakambishia ati theluji haiwezi kukaa kwenye ikweta.

Agosti 1851 wawili hao walielekea Mto Tana. Majambazi wakavamia, Kivoi akauawa. Krapf akahepa porini, njaa na kiu zikimmaliza. Kurudi, noma: jamaa za marehemu walimlaumu yeye, wengine wakitaka auawe. Mzee alitoka nyumbani akiwa mzima, hakurudi kuwaita wanawe awagawie mali.

Enzi hizo wosia ulikuwa neno la mzee kitandani. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, bado inakubali wosia wa mdomo, mradi wasikie mashahidi 2 au zaidi na msemaji afe ndani ya miezi 3. Akiishi zaidi, hiyo imeisha. Wa kuandika pia unataka mashahidi 2, na mrithi asiwe mmoja wao.

Sasa wewe msee wa Mwingi ama Wote, taito ya shamba iko kwa jina la nani? Bado ni la babu? Mpigie mzae leo, kabla hajapanda basi.